Joho la Mwenyekiti Halikatwi

Zawadi, wewe na wenzako mliobaki na vyerehani vyangu pale Sakina mmeniomba niandike. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Lakini kati ya Ngaramtoni na Usa River hakuna fundi aliyevalisha waheshimiwa wengi kuliko mimi, kwa hiyo kama kuna mtu wa kuandika, ni mimi. Macho yamenigomea kabla sijafika sitini, daktari kasema sindano basi. Sasa nashinda hapa Moshono barazani nawaamuru kuku, na kuku hawanisikilizi. Bora niwaandikie nyie.

Habari za nyumba na viwanja naziacha, hizo mnaziona wenyewe mkipita. Nataka niwaeleze joho, kwa sababu joho hamkufundishwa vizuri. Mlikuwa mnanitazama mikono badala ya kusikiliza.

Nilishuka Arusha kutoka Rombo na mfuko wa salfeti, ndani yake shati moja na viatu vya marehemu baba ambavyo havijanitosha mpaka leo. Nilianza kwa Mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo. Cherehani chake kilikuwa kibarazani jirani na mafundi magari, upande wa barabara ya Nairobi. Siku ya kwanza nilitaka mkasi. Akanipa wembe wa kufumulia na rundo la suruali kuukuu.

"Fumua," akasema.

"Mzee, mimi nimekuja kujifunza kukata."

"Kukata anajua hata panya. Fumua nione kama una heshima."

Nilifumua mpaka vidole vikaota sugu. Nilinung'unika sana, lakini nawaambia, fundi asiyejua kufumua hajui nguo ilivyofikiriwa na aliyeishona. Suruali iliyofumuliwa inakueleza kila kitu: fundi alikuwa na haraka, mteja alinenepa, mteja alikonda. Nilisoma suruali kuliko nilivyowahi kusoma kitabu.

Joho lilitufikia siku moja limekunjwa kwenye shuka. Lilikuwa la mwenyekiti wa halmashauri moja ya huku mlimani, jina la halmashauri naliacha. Jekundu, kola nyeusi, utepe wa rangi ya dhahabu. Lilikuwa na aibu yake. Mwenyekiti wa zamani alikuwa mfupi, na fundi aliyelishika kabla yetu, Mungu amsamehe, alichukua mkasi akakata chini kipande kizima ili limkae vizuri. Likamkaa vizuri. Uchaguzi ukaja, madiwani wakachagua mtu mwingine, na huyo mwingine alikuwa Mzee Anaeli, Mmeru wa kuinama kila akiingia mlangoni. Siku aliyovaa, joho lilimfika magotini. Watu ukumbini walicheka, wakasema mwenyekiti anaanza darasa la kwanza.

Mzee Shabani alilitazama pindo lile kama anatazama kidonda. "Huyu fundi alidhani joho ni la mtu," akasema. "Joho ni la kiti. Mtu anapita."

Kuongeza ilibidi tuongeze, na kitambaa chekundu cha namna ile kilikuwa hakipatikani mjini. Nani alikipata? Mimi. Nilikumbuka kwaya ya usharika fulani ilishonewa majoho na masalia yakabaki kwa fundi wao. Nikayafuata. Rangi ilipishana kidogo, ukiitafuta utaiona. Ndiyo ile mishono miwili mnayoiona ndani ya pindo mpaka leo. Mzee Anaeli alipojaribu akajitazama kwenye kioo chetu kilichopasuka, akanishika bega. "Kijana, umenirefusha." Tangu siku hiyo hakunisahau, nami sikumsahau. Baadaye alikuwa anapenda kuimba kwenye mikutano, nami siku zote nimesema ni kile kipande cha kwaya.

Basi Mzee Shabani akaniwekea sheria mbili, nanyi zishikeni. Ya kwanza, joho halikatwi. Akija mfupi, kunja ndani, shikiza kwa bandi, shona kwa mshono unaofumuka. Akija mrefu, fumua. Urefu wote wa waliopita na watakaokuja uko mle ndani umelala.

Ya pili, hapimwi mtu kabla ya kura.

Hii ya pili alinifafanulia vizuri Lomayani, karani wa vikao wa halmashauri ile, mtu anayezijua kanuni kama mimi ninavyojua viungo vya cherehani, na si kila mtu namsifia hivyo. Mwenyekiti hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Wananchi wanachagua madiwani. Madiwani wanakutana mkutano wa kwanza, wanakula kiapo mbele ya hakimu, afisa wa serikali anakaa kitini kwa muda, halafu wao kwa wao wanapiga kura ya siri kumpata mwenyekiti. Mpaka kura zimehesabiwa na jina limetangazwa, hakuna mwenyekiti. Kwa hiyo ukimpima mtu mapema, anatoka hapo anatangaza: fundi ameshanipima, mambo yamekwisha. Tepu yako imeshapiga kura.

Walijaribu. Diwani mmoja alinijia dukani akasema anataka suruali. Nikapima kiuno, nikapima mguu. Akasema, "Pima na mabega, fundi."

"Mheshimiwa, suruali gani hiyo inayofika mabegani?"

Akaondoka bila suruali. Hakuchaguliwa pia.

Sasa mtauliza, kama hupimi mapema, joho linamkaaje mtu siku ileile? Hapo ndipo mimi nilipokuwa mimi. Pembeni ya ukumbi kuna chumba cha maandalizi. Nakaa mle na cherehani cha mkono, pasi na pini zangu. Jina likishatangazwa watu wanakwenda chai, mwenyekiti mpya anaingia kwangu. Chai ikiisha, anatoka amevaa. Mafundi wengine walijaribu kunyang'anya kazi hii, wakatoka na mwenyekiti aliyevaa kama pazia. Mimi kwa jicho tu, mtu akipita mlangoni, nilishajua pindo lake. Jicho langu lilikuwa tepu. Lilikuwa.

Haya, kesi ngumu.

Mzee Anaeli alikaa kwenye kiti kipindi baada ya kipindi. Barabara za kule juu alizipigania, shule alizijenga, na mdomo wake ulikuwa mkali. Katika madiwani wake alikuwepo Mama Aikande, muuza mbegu na pembejeo, mfupi, mcheshi, mbishi kama nini. Siku moja kikaoni Mama Aikande alikuwa anachangia hoja ya maji. Mzee Anaeli akamkatiza: "Diwani, kanuni zinataka usimame unapozungumza."

"Nimesimama, Mwenyekiti."

Ukumbi mzima ulianguka kicheko. Mzee hakuwa amekusudia, lakini naye alicheka, na alicheka muda mrefu. Mama Aikande akamalizia hoja yake hivyohivyo wanamcheka. Tangu hapo wakawa hawapikiki chungu kimoja. Kila alichosema huyu, yule alikipinga.

Baraza likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi. Kanuni iko wazi: siku hiyo hiyo mwenyekiti si mwenyekiti tena, na vitu vya kiti vinarudi ofisini. Gari likarudi. Joho halikurudi. Wakadhani kasahau. Uchaguzi ukafika, kata yake ikachagua mtu mwingine, Mzee Anaeli akakosa hata udiwani. Joho bado halijarudi, na mkutano wa kwanza unakaribia.

Lomayani akanijia dukani, uso umemshuka. "Fundi, shona joho jingine."

"Lile liko wapi?"

"Unajua liko wapi. Dereva kaenda mara mbili. Mkurugenzi amesema safari ya tatu wanakwenda mgambo."

Nikaweka mkasi chini. Mgambo waingie uani kwa Mzee Anaeli, majirani wamesimama kwenye migomba wanatazama, mzee aliyewajengea shule anapekuliwa kama mwizi wa kuku! Na hilo joho jipya nalo sikulitaka. Halmashauri yenye majoho mawili watu watasema ina wenyeviti wawili, na mmoja wao yuko nyumbani kwake anakamua ng'ombe.

"Mgambo wasiende," nikamwambia. "Nitaleta mimi."

"Una uhakika?"

"Mimi nimewahi kukosa?"

Nilipanda bodaboda mpaka kule juu, baridi inanipita kwenye mikono ya koti. Nikamkuta Mzee Anaeli amevaa buti na sweta anawakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Mheshimiwa hayupo hapa. Hapa kuna mzee na ng'ombe. Wamekutuma?"

"Nani wa kunituma mimi?"

Akacheka kidogo, akanikaribisha ndani. Joho lilikuwa sebuleni limetundikwa kwenye hanga, kati ya kalenda na picha ya harusi, limepigwa pasi. Mama mwenye nyumba akaniletea loshoro, chakula chao cha maziwa mgando, kwenye bakuli, akaniambia mumewe akisikia: "Fundi, mwambie alirudishe. Kila asubuhi analitazama hilo kabla hajanitazama mimi."

"Kula kwanza," Mzee akasema. Nikala. Alipoona bakuli limekwisha akaanza mwenyewe.

"Unajua dereva wao alikuja na nini? Mfuko wa sandarusi. 'Mzee, tia humu.' Tia humu, fundi! Kama wanaazima viazi."

"Dereva ni mtoto, Mzee."

"Sikatai sheria. Sheria nimeisimamia mwenyewe. Baraza likivunjwa mimi basi, Lomayani hana la kunifundisha. Lakini nataka mtu alipokee. Mtu, na mikono yake. Mimi nililikuta kwenye msumari, aliyenitangulia aliliacha akaondoka bila kuniaga. Nikavaa kama nimeokota. Ukaja wewe ukaliongeza, angalau."

"Kwa nini hukulikabidhi siku ile baraza linavunjwa?"

"Kwa nani? Siku ninayotoka, mwingine bado hajapatikana. Siku anayopatikana, mimi siko ndani ya ukumbi. Sheria imeweka mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia, na katikati hakuna chumba."

Nawaambia kweli, nilikaa nikitazama pindo lile. Maana chumba kilikuwepo, na mwenye chumba ni mimi.

"Mzee," nikasema, "siku ya kulipinda joho nahitaji mtu wa kushika mabega ya joho na kunipa pini. Mimi nina mikono miwili tu, ingawa watu wanadhani ninayo minne."

Akanitazama. "Mimi nishike pini?"

"Unalishika mabegani, unamvika, mimi nakunja chini. Mkono kwa mkono."

"Na akichaguliwa yule mama?"

"Basi atavaa yule mama."

"Hatakubali niliguse bega lake."

"Hiyo ni kazi yako. Yangu ni pindo."

Aliinuka. Kisha akalitoa kwenye hanga mwenyewe, akalikunja taratibu, kola juu, akaniwekea mikononi. Mfuko sikutoa. Nilishuka nalo mlima kwenye bodaboda nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa, watu njiani wananipisha. Kuhusu kuja, alisema tu, "Nitaona kama ng'ombe wataniruhusu."

Lomayani alilipokea akalifungia kabatini, akapumua. Ndipo nikamwambia, "Siku ya mkutano nitakuja na msaidizi."

"Msaidizi gani? Wewe siku zote uko peke yako, unasema wengine wanakuharibia."

"Huyu hataharibu. Ni mrefu mrefu hivi."

Lomayani si mjinga. Alikaa akiugeuza mhuri wake mezani. "Ukumbini hana kiti," akasema. "Akitaka kutazama, benchi la wananchi liko wazi kwa kila mtu. Chumba cha maandalizi kiko chini yangu. Kanuni zinataka jina litangazwe kwanza, joho livaliwe baadaye. Kuhusu msaidizi wa fundi, sijaona kifungu kinachosema asizidi urefu gani."

Siku ikafika. Nikapanga vitu vyangu, pasi ikawa moto. Msaidizi hayupo. Nikasikia viapo kupitia ukutani, mmoja mmoja. Hayupo. Nikasikia kimya cha kura. Hayupo. Nilianza kufikiri nimejisifia mapema, jambo ambalo kwangu ni nadra. Makofi yakalipuka, vigelegele, jina likatangazwa: Mama Aikande.

Akaingia anajipepea kwa khanga. "Haya fundi, nasikia unawaambia watu mimi ni mfupi. Leo fanya kazi."

Kabla sijajibu, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mzee Anaeli akainama, akaingia. Koti, tai, viatu vimepakwa rangi. Uso wa Mama Aikande ukafunga kama duka.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Msaidizi wa fundi," Lomayani akasema, anatazama dari.

"Tangu lini?"

"Tangu leo," Mzee Anaeli akajibu, "Mheshimiwa Mwenyekiti."

Kuanzia jina lilipotangazwa hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo bado. Wote walikuwa wanapiga vigelegele tu. Wa kwanza alikuwa yeye. Mama Aikande akaacha kujipepea. Hakusema ndiyo, lakini hakuondoka. Mzee akalitwaa joho kwenye meza, akalifungua, akazunguka nyuma yake, akamvika mabega yote mawili, akanyoosha kola kwa vidole kama mtu anayejua inapopenda kujikunja. "Upande wa kushoto inavuta," akamwambia. "Ukikaa, iinue kidogo."

Joho likamwagika sakafuni. Nikapiga goti, nikaanza kukunja. Mzee akashika pini, anainama ananipa. Urefu ulikuwa unanipotea, kila nikilinganisha pindo linapanda upande mmoja.

"Mheshimiwa," Mzee akasema bila kufikiri, "simama vizuri fundi apate urefu."

"Nimesimama, Mzee Anaeli."

Tukaganda. Nje vikombe vinagongana. Lomayani akafumba macho. Nilimwona Mzee anavyokumbuka, neno kwa neno, uso unabadilika. Akafungua mdomo kusema jambo, nadhani la kuomba radhi, lakini Mama Aikande alimtangulia. Alicheka. Alianza tumboni, akatikisika, joho zima likatikisika, na Mzee naye akashindwa, akaachia kikopo cha pini kikamwagika. Basi mngetuona: mwenyekiti aliyetoka, mwenyekiti aliyeingia na fundi bora wa Arusha, wote watatu tumepiga magoti sakafuni tunaokota pini, na karani analinda mlango.

"Usikate," Mzee akaniambia nilipoanza kushona.

"Sikati."

"Atakuja mrefu mwingine."

Mama Aikande aliposikia akamtazama. "Kaa ukanitazame, Mzee. Maneno ya maji yale, leo nayarudia, na hukatizi mtu."

Akatoka amevaa, pindo limelala kama maji. Mzee Anaeli akapita mlango wa nyuma, akazunguka, akakaa benchi la wananchi kati ya mama mwenye mtoto na kijana wa bodaboda. Alipiga makofi kwa mikono mirefu ile mpaka watu wakageuka. Pini moja hatukuipata. Mwenyekiti mpya aliipata alipokaa.

Tangu siku hiyo ikawa desturi, na hakuna aliyeiandika popote. Mama Aikande alipomaliza muda wake, alikuja mwenyewe kushika pini kwa aliyemfuata, akafurahi sana kuona naye si mrefu. Mzee Anaeli alikuwa ameshazikwa, juu kule, kati ya kahawa na nyumba. Nilimshonea suti ya mwisho, na hiyo nayo sikuikata fupi mahali popote.

Na safari hii, Zawadi, kura zilipokwisha uliniita kwenye chumba cha maandalizi. Nilikuja nimevaa koti, nikidhani unahitaji ushauri. Wewe umepiga goti tayari, tepu shingoni, mwenyekiti mpya amesimama kama mti, anayetoka amemshika mabega. Nikaanza kusema pindo linapanda upande wa kulia. Hukugeuka.

"Shikamoo, Baba," ukasema. "Kaa hapo unishikie pini."

Nikakaa. Pini sizioni vizuri, nilikuwa nazitafuta kwa kidole. Nilikupa moja moja, na kila nilipokupa kidole kiligusa kunjo la pindo, nikajua hujakata.